Umeme wa Gari la Baba

Msomaji, kama hujapata kuketi ndani ya gari lililokufa usiku, katikati ya barabara nyembamba, mvua ikinyesha na malori yakija nyuma yako, basi mshukuru Mungu, nawe unisikilize mimi niliyeketi humo. Nitakueleza habari ya nyaya, betri na taa. Mimi si fundi. Kwa miaka mingi nalikuwa mwalimu wa historia, na katika elimu ya umeme nalijua kuwasha na kuzima tu. Lakini gari lililokufa lilikuwa langu, na aliyekuwa ndani yake pamoja nami alikuwa mama yangu mzazi. Kwa hiyo nalilazimika kujifunza uzeeni jambo ambalo wewe, ukiwa bado shuleni, waweza kujifunza kwa gharama ndogo zaidi.

Gari lenyewe ni Morris Minor la milango minne, lililotengenezwa Uingereza mwaka 1961. Baba yangu alilinunua kwa mtu mwaka 1966, alipokuwa karani wa ghala moja la Shimanzi. Kama hukijui Kisiwa cha Mombasa, Shimanzi ni upande wa magharibi, karibu na bandari ya Kilindini. Si mahali pa kutembezwa wageni. Ni mahali pa maghala yenye mapaa ya mabati, malori, vumbi la nafaka, na matangi makubwa ya mafuta. Kila siku ya kazi baba aliliegesha gari lake kivulini, chini ya ukuta wa ghala, si mbali na matangi hayo. Kumbuka habari hii ya matangi, maana nitairudia.

Baba alipofariki mwaka 1997, gari likawa langu. Nalilipenda, lakini sasa naona kuwa nalilipenda kwa namna isiyofaa: nalipenda sura yake. Mwaka 2017 nalilipeleka kupakwa rangi upya, kijani iliyofifia, rangi ile ile liliyozaliwa nayo. Nalimsisitizia mpaka rangi asiache doa hata moja, hata chini ya boneti ambako macho ya watu hayafiki. Likang'aa. Watu walinisimamisha Mwembe Tayari wakaliuliza umri wake. Maharusi wa Mji wa Kale walinijia wakitaka kupigwa picha wakiwa ndani yake. Nami nalijibu kwa sauti ya mtu aliyelitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Katika siku hizo za kusifiwa gari lilikuwa likinionya. Taa zake za mbele, ambazo zamani zilikuwa na nuru ya manjano iliyo hai, zilianza kuwa nyekundu kama makaa yanayokufa. Asubuhi, nalipokuwa nikiwasha injini, palitoka harufu ndogo ya mpira unaoungua, ikapotea. Tena kifundo cha choki, yaani kile kinachovutwa ili injini baridi ipate petroli ya kutosha, siku moja kilikuwa na moto hata nikakiachia. Nalijiambia kuwa ni joto la Mombasa. Mtu asiyetaka kujua hana upungufu wa maelezo.

Ulikuwa mwezi wa Mei mwaka 2019, msimu wa mvua za masika. Sisi twakaa Changamwe, upande wa bara. Mama yangu ana pumu, na usiku ule ilimshika vibaya. Saa nne hivi nalimtia garini, nikaondoka kuelekea hospitali kisiwani. Daraja la Makupa unaloliona leo, lililofunguliwa mwaka 2022, lilikuwa halijajengwa. Palikuwa na tuta la mawe na udongo lililokatisha maji ya bahari, na juu yake barabara. Foleni ya malori ya bandarini ilikuwa ndefu. Twalikwenda hatua tatu, tukasimama. Hatua tatu, tukasimama. Taa zilikuwa zikiwaka, vifuta kioo vikienda, na ile taa ndogo nyekundu mbele ya dereva, inayosema kuwa betri haijazwi, iliwaka bila kuzimika. Ulipita muda wa karibu saa nzima. Kisha vifuta kioo vikaanza kwenda kama mkono wa mgonjwa. Taa zikafifia zikawa vijinga viwili. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Tukawa gizani. Upande wetu foleni ilikuwa imeanza kufunguka, na lori la makontena lilikuwa likija nyuma kwa nguvu. Gari langu halikuwa na taa hata moja ya nyuma. Nalisikia breki za lile lori kabla sijaziona taa zake. Zilipiga kelele ndefu, na kichwa cha lori kikasimama karibu sana hata nalipogeuka sikuona kioo chake, naliona bati tu. Mama alikuwa akivuta pumzi kwa shida. Hakusema neno.

Yule dereva hakunitukana, ingawa alikuwa na haki. Aliliacha lori lake palepale litukinge, akawasha taa zake za hatari. Utingo wake alishuka na mvua yote, akavunja matawi kando ya tuta, akayaweka barabarani kwa nyuma; kisha akasimama katikati ya njia akaizuia matatu. Abiria wawili waliinuka wakampisha mama, na dereva wa matatu akaacha njia yake akatufikisha hospitali. Watu hao siwajui majina mpaka leo.

Mama alipona. Siku aliyorudi nyumbani alilitazama gari lililokuwa limevutwa kwa kamba mpaka uani, akaniambia, "Mwanangu, gari hili nililipanda na marehemu baba yako akiwa dereva, nililipanda siku ya harusi ya dada yako. Lakini sitalipanda tena." Ndugu zangu wakasema liuzwe. Mimi sikuwa na la kujibu. Mtu aweza kubishana na hasira, lakini si rahisi kubishana na mwanamke mzima anayesema neno kwa sauti ya chini na kuingia ndani.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nalikwenda kwa wauza vipuri nikanunua vitu vya fahari: altaneta mpya, taa mpya za nuru kali, betri kubwa kuliko ya kwanza. Nalidhani kuwa gari la kale limeshindwa kwa sababu ni la kale, na kwamba dawa ya ukale ni upya. Nikavipakia vyote nikaenda Shimanzi kwa fundi mmoja mzee, bingwa wa umeme wa magari, ambaye hufanya kazi yake chini ya mwarobaini nyuma ya ghala. Sitamtaja jina, kwa sababu hapendi kutajwa. Nalimwamkia, nikamfungulia maboksi yangu kama mtu anayetoa mahari. Akayatazama, akayafunga tena, akayaweka chini ya benchi.

"Haya tutayafunga mwisho, Mwalimu," alisema. "Mfereji ulioziba hauponi kwa kuongezwa mvua."

Nataka sasa ufahamu vizuri alichokifanya, kwa maana ndicho kiini cha habari yangu. Katika nyumba, umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa waya mwingine. Katika gari sivyo. Taa ya gari aghalabu hupewa waya mmoja tu wa kuendea. Njia ya kurudia ni bati la gari lenyewe: umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi, hufika kwenye taa, kisha hurudi kwa kupitia bodi mpaka kwenye betri. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ardhi, ingawa haina uhusiano na udongo. Sisi watu wa kawaida tukiona taa imefifia hutazama njia ya kuendea, kwa sababu ndiyo yenye nyaya za kuonekana. Njia ya kurudi hatuioni, kwa hiyo hatuishughulikii.

Fundi aliwasha taa za mbele. Akachukua mita yake, akaweka ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa katika bodi, na ncha ya pili kwenye bati la taa. Kama njia ya kurudi ingekuwa safi, mita ingesoma karibu na sifuri. Ilisoma volti mbili. Mwanagenzi wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alinitazama kwa huruma, maana yeye alielewa mara moja.

Wewe pia waweza kuelewa. Umefunzwa darasani kanuni ya Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeitangaza mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara omu. Taa zangu zilihitaji ampea nane hivi. Kizuizi cha robo ya omu, ambacho ni kidogo kuliko unavyoweza kukifikiri, kikizidishwa kwa nane ni volti mbili. Nazo volti mbili katika kumi na mbili si hasara ya sehemu moja katika sita, kama akili inavyodhani. Nuru ya taa ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti zake; ukiiondolea volti mbili, karibu nusu ya nuru imekwenda. Nalikuwa nikiendesha gari usiku kwa nusu ya macho.

Kizuizi kilikuwa wapi? Fundi alifungua nati inayokaza waya mnene wa betri kwenye bodi. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, laini, nzuri, isiyo na doa. Rangi haipitishi umeme. Umeme ulikuwa ukijipenyeza kwa mikwaruzo michache tu kwenye nyuzi za bolti. Simlaumu mpaka rangi. Yeye alitii amri ya mwenye gari, na mwenye gari ndiye aliyesisitiza kuwa pasiachwe mahali.

Akaingia chini ya gari. Injini hukaa juu ya mipira ili isitikise abiria, na mpira nao haupitishi umeme. Kwa hiyo pana msuko wa shaba unaounganisha gia na bodi, na ndio unaorudisha mzigo mkubwa wa stata. Hewa ya Mombasa ina chumvi. Msuko ule ulikuwa umeliwa ukageuka unga wa kijani. Nyuzi mbili au tatu tu zilikuwa zimeshikana. Sasa sikiliza ajabu hii. Umeme ukizibiwa njia ya kurudi hautii magoti. Hutafuta njia nyingine. Stata inapozungushwa hudai ampea mia na zaidi, nazo zilikuwa zikirudi kwa kupitia kebo nyembamba ya choki, kwa sababu kebo hiyo ni ya chuma na imeigusa injini upande mmoja na bodi upande wa pili. Ndiyo maana kifundo kiliniunguza. Ndiyo maana palikuwa na harufu ya mpira. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nalikuwa nimekishika mkononi nikasema ni joto la Mombasa.

Ilimchukua fundi asubuhi moja kusugua bati kwa msasa mpaka liwe jeupe, kufunga msuko mpya wa shaba, kupaka grisi juu ya viungo ili chumvi isiingie, na kuvuta waya wa kurudia kutoka kila taa mpaka mahali pamoja palipo safi. Msuko ule ulinigharimu chini ya bei ya sahani ya biriani. Tulipowasha taa, zile zile za zamani, ukuta wa ghala ulipata nuru mchana kweupe. Maboksi yangu yalikuwa bado yamefungwa.

Watu wengi wanaopenda magari ya Kiingereza huyasema vibaya mambo ya umeme ya Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vyombo hivyo, na wana mzaha wa kumwita mwenyewe mfalme wa giza. Nami nalikuwa nikiucheka mzaha huo. Siku ile niliona aibu kidogo. Vyombo vilikuwa na umri wa miaka 58 na vilikuwa vikifanya kazi; giza naliliagiza mimi, kwa rangi.

Hata hivyo, usidhani kuwa nataka kusema ya kale yote yatosha. Siku ya pili fundi alifungua kisanduku cha fyuzi. Gari zima la namna hii lilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu. Taa za mbele hazikuwa na fyuzi. Wala mwasho wa injini. Wala pampu ya petroli. Waya wa taa ukichubuka na kugusa bati, hakuna kitu cha kuukata isipokuwa moto. Tena nyaya zenyewe zilikuwa zimevikwa mpira na pamba iliyofumwa, na mpira wa umri ule hupasuka ukiukunja kama ganda la muhogo mkavu.

Akang'oa fyuzi ya kwanza, akanyamaza, akaniita. Haikuwa fyuzi. Ilikuwa fyuzi iliyoungua zamani, imezungushiwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Msomaji, baba yangu aliacha kuvuta sigara mwaka 1984. Maana yake ni kwamba kwa miaka isiyopungua 35 waya ule ulikuwa hauna kinga yoyote, na katika miaka kadhaa ya hiyo gari lilisimama kutwa chini ya ukuta wa Shimanzi, matangi ya mafuta yakiwa jirani. Baba alikuwa mtu wa tahadhari. Alikuwa akifunga mlango wa nyumba mara mbili. Yamkini fyuzi iliungua siku ya haraka, duka liko mbali, akaiziba kwa alichokuwa nacho mfukoni, akasema kesho. Niliikunja karatasi ile nikaitia katika kitabu changu. Fundi hakusema lolote juu ya marehemu, na kwa adabu hiyo namheshimu mpaka leo.

Akafunga kisanduku kipya chenye fyuzi nane, kila njia na fyuzi yake. Alinieleza jambo ambalo nalikuwa silijui: fyuzi haiwekwi kuilinda taa, huwekwa kuulinda waya. Huchaguliwa kwa unene wa waya, iwe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, ikatike mahali pajulikanapo ili pasikatike wala kuungua mahali pasipojulikana. Kisha akafunga rilei mbili za taa za mbele. Zamani umeme wote wa taa ulitoka kwenye betri, ukapita katika swichi ndogo mbele ya dereva, ukarudi mpaka taani. Safari ndefu katika waya mwembamba, na swichi hupata moto. Rilei ni swichi inayosukumwa na sumaku: swichi ya dereva sasa hutoa amri tu kwa umeme kidogo, na rilei iliyo karibu na taa hubeba mzigo.

Hatimaye akavuta maboksi chini ya benchi. "Sasa," alisema, "tuzungumze habari ya Makupa."

Naliposimama kwenye foleni usiku ule, ardhi mbaya haikuwa peke yake. Gari lilikuwa na dinamo. Dinamo ni chombo kizuri gari likiwa mbioni. Ya gari langu hutoa kiasi cha ampea 22 kwa ukomo wake. Lakini injini ikinguruma polepole tu, gari limesimama, dinamo haitoi kitu, na kila kinachowaka hula betri. Taa, vifuta kioo, mwasho na pampu, vyote pamoja vilikuwa vikila ampea kama 16. Saa moja ya foleni ilikuwa imekunywa sehemu kubwa ya betri iliyokuwa tayari imechoka. Waingereza waliolitengeneza gari hili walifikiri barabara ambayo gari huenda. Hawakufikiri foleni ya malori ya Kilindini. Altaneta huzunguka kwa kasi zaidi na huanza kuijaza betri hata injini ikiwa polepole. Kwa mji wetu wa leo hiyo si fahari, ni haja.

Walakini hapo ndipo nalisita mimi, niliyevinunua vitu hivyo. Kuitoa dinamo ya baba kulinipa mashaka ambayo kubadilisha nyaya hakukunipa. Nalifikiri: nikibadilisha hiki na hiki, gari hili litakuwa bado lake? Ndipo historia, niliyoisomesha maisha yangu yote, iliponisaidia kidogo. Sultan Barghash wa Unguja alikuwa na mtambo wa umeme wa kuangazia jumba lake. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliupata mtambo huo, na kwa njia hiyo ikazaliwa kampuni ya kwanza ya umeme na taa mjini kwetu. Mji wa Mombasa, basi, ulianza kuangaziwa kwa chombo kilichokwisha kutumika kwa mwingine. Mtambo ule haupo kazini tena, na sijamsikia mtu akisema kuwa taa za barabarani si za Mombasa kwa sababu mtambo umebadilishwa. Nikamwambia fundi aendelee.

Palikuwa na hatari moja ambayo ni lazima uijue ukipata gari la namna hii. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalifunga upande chanya wa betri katika bodi, kinyume cha magari ya leo yanayofunga upande hasi. Altaneta yangu ilitaka hasi. Mtu akiifunga na kuisahau betri kama ilivyokuwa, vyombo laini vilivyo ndani yake huungua mara moja. Fundi aligeuza betri, akabadilishana nyaya mbili za koili, kisha akaandika kwa brashi kwenye rafu ya betri, kwa herufi kubwa, HASI BODI, ili atakayekuja baada yake asidanganyike. Kile kisanduku cha zamani kilichoidhibiti dinamo hakukitupa. Alikiacha mahali pake, ndani akakifanya kituo cha kuunganishia nyaya tu. Ukifungua boneti huoni tofauti kubwa. Hiyo ilikuwa huruma yake kwangu.

Nilitaka pia mwasho wa kisasa usio na pointi. Alikataa. "Pointi zikichakaa ukiwa Voi," alisema, "utazisugua kwa msasa, utaendelea. Hicho kikifa Voi, utalala Voi." Nafikiri alikuwa na haki, ingawa najua wengine hawatakubali. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 yaliingia magari 84 katika njia za Afrika Mashariki, yakamaliza saba tu, na yote yalikuwa mapya kuliko langu la leo. Na tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya zamani katika njia hizo hizo, nayo hufika. Gari la kutegemewa, kwa maoni yangu, si lile lisiloharibika, bali lile ambalo likiharibika laweza kutengenezwa pale pale, kwa kilichopo, na mtu aliyepo.

Nililirudisha gari nyumbani. Mama hakulitazama. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, alitoka uani akiwa na tasbihi mkononi, akaniambia, "Washa." Nikawasha taa. Ukuta wa jirani ukawa mweupe, hata mende wakakimbia. Akautazama, kisha akauliza, "Na ukisimama foleni?"

Sikuwa na maneno ya kumjibu, maana maneno alikuwa ameyasikia mengi. Nikawasha injini, nikaiacha ingurume polepole. Nikawasha vifuta kioo, ingawa hapakuwa na mvua. Nikavimwagia maji visije vikakwaruza kioo. Nikaketi. Mama akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya gari, kando kidogo ya nuru, akaendelea na tasbihi yake. Hatukuzungumza. Dakika kumi zikapita, ishirini, nusu saa. Mara kwa mara aliinua macho kuziangalia taa, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeahidi kutolia. Ile taa ndogo nyekundu mbele yangu haikuwaka. Jirani alichungulia dirishani akadhani kuna mgonjwa. Ilipotimia saa nzima, na dakika chache za kuongeza, mama aliinuka, akakunja kanga yake begani.

"Zima," alisema. "Unapoteza petroli."

Juma lililofuata alikuwa na siku ya kliniki. Nalikuwa nimekwisha kumwita dereva wa tuktuk, ndipo nikamwona amesimama kando ya mlango wa gari anangoja afunguliwe. Hakupanda mbele, alipanda nyuma, na tangu siku hiyo hupanda nyuma. Tumepita Makupa pamoja mara nyingi, kwanza juu ya tuta, sasa juu ya daraja, mchana na usiku, jua na mvua. Vifuta kioo bado vina uvivu, na Jumamosi ijayo sina budi kurudi Shimanzi kwa ajili hiyo. Naye mama, kila twendapo usiku, huipakata tochi mapajani, akaijaribu mara moja kabla sijaondoa gari, na siku ya mwisho wa mwezi hunituma dukani nikamnunulie mawe mapya.